Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya Zamani vya Kunasa Video kwenye Kompyuta Mpya

Safari hii tumechagua barua tatu, kutoka Mtwara mjini, Lindi na Masasi, kwa sababu zote zinagusa tatizo moja: kifaa cha kuhamishia video za zamani kipo, kanda zipo, lakini kompyuta ya siku hizi haikipokei.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Marehemu baba yangu alikuwa mpiga picha za video hapa Mtwara, na ametuachia sanduku zima la kanda za VHS: harusi za Chikongola na Shangani, maulidi ya Mikindani, na ngoma za wazee wa Newala ambao wengi wao hawapo tena. Deki aliyoinunua kwa pesa za korosho bado inafanya kazi. Aliacha pia kijiti cha USB chenye nyaya za rangi tatu alichokitumia kuhamishia kanda kwenye kompyuta, pamoja na sidii yake ya programu. Kompyuta hiyo iliungua zamani umeme ulipozidi nguvu. Nimekichomeka kijiti kwenye laptopu yangu mpya ya Windows 11, nacho kinaonekana kwa alama ya mshangao ya manjano tu, na laptopu haina hata mahali pa kuingizia sidii. Fundi mmoja ameniambia kimekufa, nikitupe. Je, ni kweli? *Msomaji, Chikongola, Mtwara.*

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzazi. Kijiti usikitupe. Maelezo yako hayaonyeshi kwamba kimekufa. Yanaonyesha kwamba kompyuta imekiona lakini haina draiva, yaani ile programu ndogo inayokuwa mkalimani baina ya mfumo endeshi na kifaa kilichochomekwa. Jambo hilo lingeweza kuthibitishwa kwa dakika chache kabla ya kukupa jibu zito kama hilo, na wewe mwenyewe unaweza kulithibitisha leo jioni.

Usihangaike na jina lililoandikwa juu ya ganda. Vijiti vya aina hiyo, ambavyo vingi vimeuzwa kwa jina la EasyCap, vilitoka katika viwanda mbalimbali vikiwa na umbo lilelile na nyaya zilezile, ilhali chipu za ndani ni tofauti kabisa, na draiva ya chipu moja haiwezi kuendesha chipu nyingine. Ndiyo maana watu hupakua draiva moja baada ya nyingine kwa kufuata jina hilo na wasipate inayofaa. Kinachokitambulisha kifaa ni namba mbili ambazo chipu huiambia kompyuta kila kinapochomekwa. Kiache kijiti mahali pake, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagua Device Manager, kisha utafute ule mstari wenye alama ya mshangao. Ufungue, nenda kwenye ukurasa wa Details, na katika orodha ya hapo chagua Hardware Ids. Utaona neno VID likifuatwa na tarakimu nne, kisha PID na nyingine nne, zikiwa mchanganyiko wa namba na herufi. Ziandike kwenye karatasi kama zilivyo.

Ukikuta VID_05E1 na PID_0408, ndani mna chipu ya STK1160 iliyotengenezwa na Syntek. EB1A ni alama ya Empia, na PID yake mara nyingi huwa 2860 au 2861. 1B71 ikifuatana na 3002 ni UTV007 ya Fushicai. 1C88 ni Somagic, nayo ndiyo yenye usumbufu kuliko hizo nyingine. Ukikuta VID_0000, maana yake ni kwamba kifaa kimeshindwa hata kujitambulisha. Hapo jaribu tundu jingine la USB, na hali isipobadilika, ndipo utakapokuwa na sababu ya kuamini kwamba kimeharibika.

Sidii ya baba yako haitakufaa kwenye laptopu hiyo hata ukiazima kisoma sidii cha nje. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ni ya biti 64 pekee, na sidii nyingi za enzi zile zilibeba draiva za biti 32 zilizokusudiwa Windows XP na Vista. Windows ya biti 64 haipakii draiva ya biti 32 kwa namna yoyote. Wapo watakaokushauri uiendeshe programu ya kusakinisha kwa kujifanya uko kwenye Windows XP. Hila hiyo huidanganya ile programu ya kusakinisha tu, lakini draiva yenyewe inabaki ileile na bado itakataliwa. Hata draiva ya biti 64, ikiwa ni ya zamani, huweza kuzuiwa kwa sababu ya sahihi yake ya kidijitali au na ulinzi uitwao Memory integrity. Sikushauri kuuzima ulinzi huo katika laptopu ambayo pengine ndiyo unayofanyia pia miamala ya benki, wala kupakua draiva kutoka tovuti zinazokulazimisha kwanza kusakinisha programu ya kukutafutia draiva.

Njia ninayoipendekeza ni kuiacha Windows ilivyo na kuiwasha laptopu kwa Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, iliyo ndani ya flashi. Draiva za STK1160, Empia na UTV007 zimo tayari ndani ya kiini cha Linux, kwa hiyo hutahitaji sidii wala kupakua chochote kwa ajili ya kijiti. Chipu ya Somagic ndiyo haimo. Chukua flashi ya gigabaiti 16, uiandikie Ubuntu, ambalo ni toleo mojawapo la Linux, uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo, kisha uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Kabla ya kugusa mpangilio wa kuwashia kompyuta, hakikisha umehifadhi mahali salama ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli la Windows linalofunga diski nzima, wa laptopu yako, kwa sababu Windows inaweza kuudai utakaporudi kwake, na asiye nao hufungiwa nje ya mafaili yake mwenyewe.

Programu ya kurekodi video iitwayo OBS Studio, ambayo ni ya bure, itakuonyesha kijiti kama chanzo cha picha. Hapo yapo mambo mawili yanayowachanganya wengi. La kwanza ni mfumo wa rangi. Kanda zilizorekodiwa hapa kwetu ni za PAL, yaani picha 25 kwa sekunde zenye mistari 576 inayoonekana, na kijiti kikiwa kimewekwa kwenye NTSC ya Wamarekani utaona picha isiyo na rangi, inayopanda na kushuka, ukadhani kanda imeharibika. Chagua PAL kwanza, ndipo uitathmini kanda. La pili ni sauti, ambayo kwa kawaida huingia kama kifaa kingine peke yake, na usipoichagua utapata harusi nzima ya watu wanaocheza kimyakimya.

Kichomeke kijiti moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyishi cha USB pamoja na kipanya na diski. Picha ya PAL yenye nukta 720 kwa 576, kila nukta ikichukua baiti mbili, mara 25 kwa sekunde, ni takriban megabaiti 21 kila sekunde, nazo zinapaswa kupita bila kukatika hata kidogo. Zikikatika, picha zinarukwa, na sauti huanza kuachana na midomo ya wasemaji kadiri kanda inavyoendelea. Kwa sababu hiyohiyo, usijaribu kuiendesha Windows XP ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa na programu ndani ya ile ya kweli, ukitarajia kijiti kifanye kazi humo. Picha itaonekana, lakini mtiririko wake utakatikakatika.

Namba zikionyesha Somagic, au ukiona kazi ya Linux ni nzito kwako, nunua kijiti kipya chenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe. Muulize muuzaji swali moja tu: je, kinafanya kazi bila kusakinisha draiva? Vijiti vinavyofuata kanuni ya pamoja ya video kwa USB, inayojulikana kwa kifupi UVC, hupokewa na Windows 11 kama inavyoipokea kamera yoyote. Na kwa kuwa Windows inakihesabu kuwa ni kamera, ukiona picha nyeusi tupu fungua mipangilio ya faragha, uziruhusu programu za kompyuta kutumia kamera na maikrofoni. Watu wengi wamerudisha vijiti vizima dukani kwa sababu ya kitufe hicho kimoja.

Nimeliacha mwisho jambo linalonigusa zaidi, nalo ni kanda zenyewe. Usianze na zile za Newala. Anza na kanda usiyoijali, uitumie kurekebisha kila kitu mpaka uridhike, kwa maana kila mara kanda inapopita kwenye vichwa vya deki inachakaa kidogo, na hizo za wazee hazina nakala nyingine popote. Kisha ikague kila kanda juani kabla ya kuiingiza. Tazama kupitia kidirisha cha plastiki kwenye kingo za utepe ulioviringishwa. Halafu bonyeza kile kitufe kidogo cha ubavuni na uinue kifuniko cha mbele uone utepe wenyewe. Ukiona unga mweupe au madoa kama vumbi yaliyoganda, huo ni ukungu unaoletwa na fukuto la huku pwani, na kanda hiyo isiingie kwenye deki kabisa, kwa kuwa itachafua vichwa na kuueneza ukungu katika kanda nyingine zote. Itenge ndani ya mfuko, mahali pakavu, mpaka umpate mtu mwenye deki ya ziada ya kusafishia. Deki yako haina mbadala wa dukani: kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kuunda deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016.

SWALI: Assalaam aleikum. Nimepiga picha za harusi hapa Lindi kwa miaka mingi kwa kamera ya MiniDV, na bado nina kanda zake. Kamera ina tundu dogo lililoandikwa DV, lakini laptopu yangu haina FireWire. Niliagiza mtandaoni waya wenye ncha ya FireWire upande mmoja na USB upande wa pili, nikauchomeka, na hakuna kilichotokea. Je, nitumie tu zile nyaya za rangi tatu? *Mpiga picha, Lindi.*

JIBU: Wa aleikum salaam, kaka. Uchomoe waya huo na usiutumie tena. FireWire na USB ni mifumo miwili ya kuunganishia vifaa na kompyuta, isiyoelewana kwa namna yoyote, na ndani ya waya huo hamna chochote cha kuipatanisha. Ni shaba tupu iliyounganishwa na ncha mbili. Anayeuza waya huo kwa ajili ya kamera za MiniDV anauza kitu kisichoweza kufanya kazi kwenye kompyuta yoyote.

Hata hivyo nakusihi usikimbilie nyaya za rangi tatu, kwa sababu kanda zako ni tofauti na za VHS. DV, iliyoanza mwaka 1995, huandika picha kidijitali, hivyo unapoipitisha kwenye FireWire hufanyi kazi ya kunasa picha bali unanakili data iliyomo, na nakala inakuwa sawa na ya kwenye kanda. Ukipitisha nyaya za rangi, kamera itaigeuza data hiyo kuwa mawimbi ya analogi, kisha kijiti kiyageuze tena kuwa data, na katika kila mgeuzo ukali wa picha unapungua. Tarehe na saa za kurekodi, ambazo kamera iliziandika pembeni ya picha bila wewe kuziona, nazo zinapotea. Kwa mtu ambaye wateja wake wanaweza kurudi kuulizia harusi zao, hasara hiyo ni kubwa.

Kinachotakiwa ni kompyuta yenye tundu la kweli la FireWire, na si lazima iwe mpya. Laptopu nyingi za miaka ya 2000 zilikuwa nalo, likiwa dogo, ubavuni, limeandikwa IEEE 1394, na zile za Sony zikiliita i.LINK. Waulize jamaa na maofisi kabla hujanunua chochote. Kompyuta ambayo mwenyewe anaiona haina thamani inaweza kuwa ndiyo hasa unayoihitaji. Ukiikosa, tafuta kompyuta ya mezani iliyotumika yenye nafasi ya PCI Express, yaani mahali pa kuchomeka kadi kwenye bodi yake, uiwekee kadi ya FireWire, ambayo fundi wa Kariakoo anaweza kukutafutia na kuikabidhi kwa basi. Kwenye Windows 10 na 11 kadi hiyo hutambulika, ila mara nyingine kamera haionekani au mtiririko unakatika mpaka urudishe draiva ya zamani ambayo Microsoft waliiita Legacy, waliyoiondoa tangu Windows 8 na kuitoa peke yake kama kifurushi cha kupakua. Kwa kunakili, WinDV ni programu ndogo inayotosha kabisa. Upande wa Linux ipo dvgrab. Habari za kuunganisha adapta za Thunderbolt kwenye kompyuta za Apple sizipendekezi, kwa kuwa adapta ni ghali, zinahitajika mbili zinazofuatana, na macOS Tahoe ya mwaka 2025 imeondoa FireWire kabisa.

Tahadhari moja ni muhimu kuliko zote. Tundu la kamera lina pini nne, lakini la kadi ya kompyuta ya mezani kwa kawaida lina pini sita, na mbili za ziada hubeba umeme. Ncha ya pini sita ikisukumwa kwa nguvu ikiwa imegeuka, umeme huo unaweza kuunguza tundu la DV la kamera papo hapo, na tundu hilo likiungua kamera haitatoa tena data. Unganisha waya kamera na kompyuta zote zikiwa zimezimwa, uangalie umbo la ncha vizuri, kisha uwashe.

Tundu la USB lililopo kwenye kamera za aina yako kwa kawaida liliwekwa kwa ajili ya picha za mnato za kadi ya kumbukumbu, usilitegemee. Jiandae kwa gigabaiti 13 hivi kwa kila saa ya kanda, na kila kanda itachukua muda uleule iliorekodiwa. Kama ulirekodi kwa mwendo wa LP ili kanda ya dakika 60 ikupe dakika 90, tumia kamera ileile iliyorekodi, kwa sababu kamera nyingine mara nyingi hushindwa kuzisoma kanda hizo na kuonyesha vipande vya mraba.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu. Nina kompyuta ya mezani ya Windows XP yenye kadi ya PCI ya kunasa video, niliyoitumia kuhifadhi sherehe za shule na mahafali. Wanangu wamenunua kompyuta mpya na wanataka kuihamishia kadi hiyo ili hii ya zamani iondoke sebuleni. Je, itafaa? *Mwalimu mstaafu, Masasi.*

JIBU: Shikamoo mwalimu. Waombe wanao waiache kadi ilipo. Kompyuta mpya karibu zote zina nafasi za PCI Express tu, ambazo kadi ya PCI haiingii, na hata ukipata kibadilishi cha kuziunganisha bado utakutana na lile tatizo la draiva nililolieleza katika barua ya kwanza. Kama kadi yako ina chipu ya Bt878, ambayo ilikuwa ya kawaida mno katika kadi za miaka hiyo, Linux inaweza kuiendesha, lakini hakuna sababu ya kujipa kazi hiyo ilhali kompyuta inayoielewa kadi bado inawaka.

Iondoe tu kwenye intaneti, kwa maana Windows XP haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama tangu mwaka 2014, uifanye kuwa mashine ya kunasia video na si kitu kingine. Fundi aipulize vumbi, abadilishe betri ya duara ya CR2032 iliyoko kwenye bodi ikiwa saa inarudi nyuma kila unapoiwasha, na atazame kama kuna kapasita zilizovimba vichwa. Iwekee UPS, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili la video linaweza kushindwa kufunguka.

Katika kuhamisha mafaili kwenda kompyuta mpya, ipange diski ya nje kwa mfumo wa kuhifadhi mafaili uitwao NTFS. Flashi nyingi huja na FAT32, ambayo haikubali faili linalozidi gigabaiti 4, na saa moja ya mahafali itapita kiwango hicho kwa urahisi. ExFAT nayo XP haiisomi bila nyongeza. Usinunue diski inayozidi terabaiti 2, kwa sababu XP kwa kawaida haiwezi kuitumia yote. Ukishanakili, fungua kila faili kwenye kompyuta mpya, ulitazame mwanzo, katikati na mwisho, ndipo ulifute kule lilikotoka.